Ukiichana Zama za Kati, unachana daftari la wadai wa Ulaya

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala ya utamaduni iliyotoka katika gazeti lako Jumapili iliyopita. Mwandishi alieleza humo kwamba tangu kuvunjika kwa dola ya Rumi ya Magharibi mwaka 476 hadi Gutenberg, mchapaji wa Ujerumani, alipochapa Biblia yake katikati ya karne ya 15, kipindi kiitwacho Zama za Kati, Ulaya ilikuwa gizani kabisa: haikuwa na vitabu isipokuwa vya sala, haikuwa na sanaa isipokuwa sanamu za watakatifu, na Kanisa lilimnyamazisha kila aliyethubutu kuuliza, kisha, kwa akili ya watu wachache wa Florence, mji wa Italia, ikazinduka yenyewe. Makala imeandikwa kwa Kiswahili kizuri, na kwa kuwa najua wanafunzi wa sekondari husoma ukurasa ule, sikuona vema ipite bila kujibiwa.

Siandiki ili kuitetea Ulaya, ambayo haijapungukiwa watetezi. Ninachopinga ni hesabu. Anayeifuta miaka hiyo elfu moja hudhani anaikosoa Ulaya, kumbe anaifanyia hisani kubwa mno, kwa kuwa hiyo ndiyo miaka ambayo Ulaya ilikopa. Ilikopa kwa Waarabu, kwa Wayahudi, kwa Wagiriki wa Konstantinopoli na kwa watu wa Afrika Kaskazini. Ilikopa mchana kweupe, na mara nyingi wakopaji wenyewe waliandika majina ya waliowakopesha. Ukilichana daftari hilo, deni linapotea pamoja na wadai wake, na Florence inabaki imesimama peke yake kana kwamba haikufundishwa na mtu.

Nianze na vitabu. Ni kweli kwamba baada ya utawala wa Rumi kuvunjika shule za mijini zilififia, na katika sehemu nyingi za magharibi aliyejua kusoma alikuwa padri au mtawa. Lakini kanuni ya watawa iliyowekwa na Benedikto wa Nursia katika karne ya 6 iliwataka watawa wasome kila siku, na kila Kwaresima kila mmoja apewe kitabu kutoka maktaba akisome chote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kanuni ya namna hiyo haitekelezeki pasipo maktaba, na maktaba haikupatikana pasipo wanakili. Kaskazini mwa Uingereza, katika monasteri pacha za Wearmouth na Jarrow, watawa walitengeneza Biblia tatu kubwa za Kilatini kabla ya mwaka 716. Moja imesalia nzima, nayo imehifadhiwa Florence, mji ule ule ambao makala inautaja kuwa chimbuko la yote. Ina majani zaidi ya 1,000 na uzito wa kilo 34 hivi. Majani hayo yote ni ya ngozi ya ndama: ngozi ililowekwa katika maji ya chokaa, ikanyonyolewa, ikawambwa kwenye fremu na kuparwa kwa kisu mpaka ikawa nyembamba na nyororo, ndipo ikapigwa mistari na kuandikwa kwa kalamu ya unyoya. Jamii isiyothamini maandishi haichinji mifugo kwa mamia ili ipate kitabu kimoja.

Katika monasteri hiyo ya Jarrow aliishi Bede, aliyefariki mwaka 735. Aliandika historia ya Kanisa la Waingereza aliyoikamilisha mwaka 731, na yeye ndiye aliyeieneza zaidi desturi ya kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo, ambayo gazeti lako huitumia kila siku juu ya ukurasa wa kwanza. Aliandika pia kitabu cha hesabu za nyakati ambamo alieleza jinsi maji ya bahari yanavyojaa na kupwa kwa kufuata mwezi, na akabainisha kwamba saa za kujaa hutofautiana kutoka bandari moja hadi nyingine hata katika pwani moja. Sisi wa mwambao, tunaojua bamvua na maji mafu, tungemwelewa bila mkalimani.

Kuhusu Charlemagne, mfalme wa Wafranki, nitasema machache, ingawa machache hayo yana uzito. Mwaka 789 aliamuru shule zifunguliwe katika monasteri na kwenye makao ya maaskofu, akamweka karibu naye mwalimu Alcuin kutoka York, na katika warsha za uandishi za enzi yake na ya warithi wake ikaenea hati ndogo ya mviringo, safi na rahisi kusomeka. Sehemu kubwa ya fasihi ya kale ya Kilatini tuliyo nayo leo imetufikia kwa sababu wanakili wa karne ya 9 waliinakili kwa hati hiyo. Wasomi wa Italia wa mwanzoni mwa karne ya 15 walipozikuta nakala hizo walidhani kuwa wameuona mwandiko wa Warumi wenyewe, wakauiga kwa heshima kubwa, na wachapaji wa Italia wakautengenezea herufi za risasi. Herufi ndogo zilizotumika kuchapa makala inayosema kwamba Zama za Kati hazikuacha kitu zimetoka kwa watawa hao.

Sasa nije kwenye mikopo yenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Katika karne ya 11 alifika kusini mwa Italia mtu mmoja kutoka nchi inayoitwa leo Tunisia, ambaye Walatini walimwita Konstantino Mwafrika. Alijiunga na monasteri ya Monte Cassino, na huko akavitia katika Kilatini vitabu vya tiba vya Kiarabu, kikiwamo kile cha Ibn al-Jazzar, tabibu wa Kairouan, kilichokusudiwa kumfaa msafiri asiye na daktari karibu. Shule ya tiba ya Salerno, iliyokuwa mashuhuri kuliko zote katika Ulaya ya wakati huo, ilisomesha kwa tafsiri hizo. Kwa hiyo kati ya walimu wa kwanza wa tiba katika Ulaya ya Kilatini alikuwamo Mwafrika, na jina la Uafrika wake halikufichwa. Liliandikwa pamoja na kazi yake.

Karne iliyofuata kazi hiyo ilihamia hasa Toledo, mji wa Uhispania uliotwaliwa na mfalme Mkristo mwaka 1085 lakini ukabaki na Waislamu, Wayahudi na Wakristo waliozungumza Kiarabu, pamoja na vitabu vyao. Hapo ndipo alipofika Gerard wa Cremona. Wanafunzi wake walisimulia baada ya kifo chake kwamba alikwenda kutafuta kitabu kimoja tu, Almagesti ya Ptolemy, ambayo ndiyo nguzo ya elimu ya falaki na ambayo hakuweza kuipata kwa Kilatini. Alipoona wingi wa vitabu vya Kiarabu katika kila fani, akauhurumia umaskini wa Walatini, akajifunza Kiarabu ili aweze kutafsiri, na kazi hiyo akaifanya mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 1187. Tafsiri ya Almagesti aliimaliza mwaka 1175. Orodha iliyoachwa na wanafunzi wake ina tafsiri zaidi ya 70: vitabu vya Wagiriki wa kale Aristotle, Euclid na Galen, aljebra ya al-Khwarizmi, na Kanuni ya Tiba ya Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa Mwislamu, ambayo vitivo vya tiba vya Ulaya viliendelea kuifundisha hadi karne ya 17. Namwomba msomaji ausikilize tena ule usemi wa umaskini wa Walatini. Haukusemwa na adui yao. Uliandikwa na wanafunzi wa Gerard, kwa Kilatini, ili Walatini wenzao wausome.

Namna kazi ilivyofanywa inastahili kutajwa pia, kwa sababu haikuwa kazi ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Tunayo maelezo ya Myahudi aliyejulikana kwa Walatini kama Avendauth, aliyeshirikiana na kasisi Dominicus Gundissalinus kukitafsiri kitabu cha Ibn Sina kuhusu nafsi: mmoja alisoma Kiarabu neno kwa neno na kulitamka kwa lugha ya mtaani ya pale Uhispania, na mwenzake akalipokea na kuliandika kwa Kilatini. Mawazo ya Mgiriki Aristotle, yaliyofafanuliwa na Ibn Sina, Mwislamu kutoka upande wa Bukhara, yalipita kinywani mwa Myahudi hadi mkononi mwa kasisi Mkristo. Anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi elimu inavyosafiri hatapata mfano ulio wazi kuliko huu.

Kutoka Sisilia nitatoa mfano mmoja, kwa kuwa unatugusa moja kwa moja. Mfalme Roger wa Pili, Mkristo wa asili ya Wanormani, alimweka katika kasri lake la Palermo mwanajiografia Mwislamu, al-Idrisi, na mwaka 1154 kikakamilika kitabu cha Kiarabu chenye ramani kinachoeleza dunia yote iliyojulikana. Ndani yake wanatajwa watu wa Zanj, yaani wa pwani ya Afrika Mashariki, na imo miji ya Malindi na Mombasa pamoja na habari za uchimbaji wa chuma. Kwa maana hiyo, katika karne inayodaiwa kuwa ya usingizi, pwani yetu iliandikwa katika kitabu kilichoagizwa na mfalme wa Ulaya, miaka zaidi ya 300 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Na hesabu za biashara nazo zilipita Afrika kabla ya kufika Italia: Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, alijifunza tarakimu za Kihindi, asili ya hizi tunazoandika leo, utotoni akiwa Bugia, bandari ya Algeria inayoitwa leo Béjaïa, ambako baba yake alikuwa karani wa wafanyabiashara wa Pisa. Mwaka 1202 akazifundisha katika kitabu kikubwa cha hesabu, na katika maelezo yake mwenyewe ameeleza wazi alikozipata.

Hoja ya makala kwamba Kanisa lilimnyamazisha kila mwenye swali ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe una mikunjo ambayo mwandishi hakuikunjua. Mwaka 1210 mkutano wa maaskofu uliofanyika Paris ulipiga marufuku kusomwa kwa vitabu vya Aristotle vya elimu ya maumbile, hadharani au faraghani, kwa adhabu ya kutengwa na Kanisa. Hilo lilitokea, na lilirudiwa mwaka 1215. Hata hivyo, walimu wa chuo kipya cha Toulouse, mwaka 1229 hivi, waliwatangazia wanafunzi kwamba kwao vitabu vilivyokatazwa Paris vinasomwa, na walitumia jambo hilo kama kivutio. Kufikia mwaka 1255 kitivo cha sanaa cha Paris chenyewe kilitoa ratiba ya masomo ambamo karibu vitabu vyote vya Aristotle vilivyojulikana vilikuwa vya lazima. Pamoja navyo vilisomwa vya Ibn Rushd wa Cordoba, aliyemfafanua Aristotle kwa kina kiasi kwamba wasomi wa Kilatini, walipoandika tu kwamba Mfafanuzi amesema, kila mtu alielewa ni nani. Tarehe 7 Machi 1277 askofu wa Paris, Étienne Tempier, alilaani hoja 219, nyingi zikiwa za falsafa iliyotokana na vitabu hivyo hivyo. Ugomvi ulikuwa mkali, wa kweli, na wenye madhara kwa waliohusika. Lakini hakuna anayehitaji kulaani hoja 219 mahali ambapo hakuna mtu anayehoji.

Namna ya kufundisha katika vyuo hivyo nayo ilijengwa juu ya ubishi. Mapema katika karne ya 12, Peter Abelard alikusanya maswali 158 ya imani na kuonyesha jinsi mababa wa Kanisa walivyopingana katika kuyajibu, akaacha bila kuyaamua, ili mwanafunzi ajinoe kwa kutafuta suluhisho. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, huanza kila swali katika kitabu chake kikubwa cha teolojia kwa kutaja kwanza hoja zinazopinga jibu atakalolitoa, tena mara nyingi akizieleza vizuri kuliko wapinzani wake wangeweza kuzieleza, ndipo anapojibu. Natamani baadhi ya waandishi wa safu zetu, nami nikiwamo, tungejilazimisha kufuata mpangilio huo.

Vyuo vyenyewe havikuwa majengo yaliyotolewa na wafalme kwa ukarimu. Neno la Kilatini lililotumika kuviita, universitas, lilimaanisha chama, na vyama vyenyewe vilijua kugoma. Mwaka 1229, wakati wa Kanivali, yaani sherehe za kabla ya Kwaresima, wanafunzi wa Paris waligombana na mwenye kilabu juu ya bei ya divai, wakarudi kesho yake na kufanya fujo, na askari wa mfalme wakaua baadhi yao. Walimu walisimamisha masomo, na wengi wakauhama mji pamoja na wanafunzi wao kwa takriban miaka miwili. Papa Gregori wa Tisa alipomaliza mgogoro mwaka 1231 aliithibitishia jumuiya ya chuo haki ya kusimamisha mihadhara inapodhulumiwa. Vitabu vya masomo navyo vilipatikana kwa utaratibu wa busara: wauza vitabu walioidhinishwa na chuo walikodisha kitabu vipande vipande, kwa bei iliyopangwa, mwanafunzi akanakili kipande chake na kukirudisha kabla ya kuchukua kingine, na hivyo watu wengi wakanakili kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Huo ulikuwa uzalishaji wa vitabu kwa wingi, karne mbili kabla ya Gutenberg.

Sitaki nieleweke kwamba nauficha ubaya wa zama hizo. Milango ya vyuo ilifungwa kwa wanawake. Mwaka 1242, jijini Paris, katika mji uleule na kizazi kilekile cha wasomi niliowasifu, shehena za mikokoteni 24 ya vitabu vya Talmudi na vingine vya Kiyahudi zilichomwa moto hadharani. Miongoni mwa wadai ninaowazungumzia, Wayahudi walilipwa kwa namna hiyo. Lakini hili nalo hatuwezi kulijua wala kulihukumu tukiambiwa kwamba hakukuwa na vitabu.

Kuhusu sanaa, nitajibu kwa mlango mmoja wa kanisa. Katika upande wa magharibi wa kanisa kuu la Chartres, nchini Ufaransa, kuna mlango uliochongwa katikati ya karne ya 12 ambao juu yake, kumzunguka Bikira Maria na Mwanawe, zimechongwa elimu saba zilizofundishwa shuleni wakati huo, kwa umbo la wanawake, kila mmoja akiwa na mwanachuoni wa kale chini yake. Muziki anagonga kengele, na anayetambuliwa kuwa Pythagoras ameinama juu ya kazi yake. Sarufi ameshika fimbo juu ya vichwa vya wanafunzi wawili wadogo, na kila aliyewahi kusoma shule za kwetu atamtambua mara moja. Wanachuoni hao si watakatifu. Wengi wao ni wapagani, tena wamewekwa mlangoni mwa nyumba ya Mungu. Na kwa kuwa nimelitaja kanisa hilo, naomba pia maelezo ya picha iliyoambatana na makala yasahihishwe: dirisha la Bikira aliyevaa buluu, lililoelezwa kuwa kazi ya karne ya 15, ni la Chartres, na vioo vyake vya katikati ni vya karne ya 12, vilivyonusurika katika moto ulioteketeza sehemu kubwa ya kanisa mwaka 1194.

Katika fasihi mifano ni mingi, nami nitachagua mitatu. Dante Alighieri, aliyefukuzwa Florence mwaka 1302 na kufia Ravenna mwaka 1321, aliandika utenzi wake mkuu kwa lugha ya watu wa Toscana badala ya Kilatini, na ndani yake Ibn Sina na Ibn Rushd wameketi pamoja na Aristotle na Plato mahali pa heshima ambapo hapana mateso. Utenzi huo huo una sehemu inayomtukana Mtume wa Uislamu kwa ukali usiovumilika, na msomaji mwaminifu anapaswa kuyataja yote mawili. Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza, aliandika mwaka 1391 maelezo ya kutumia astrolabu, chombo cha kupimia nyota, kwa ajili ya mwanawe Lewis aliyekuwa na miaka kumi na ambaye Kilatini chake kilikuwa bado kidogo. Sehemu kubwa ya maelezo hayo inatokana na maandishi ya Kilatini yaliyonasibishwa na Mashaallah, mnajimu Myahudi wa Baghdad. Naye Christine de Pizan, mzaliwa wa Venice aliyekulia Paris na kufiwa na mumewe akiwa na umri wa miaka 25 hivi, aliwalisha wanawe na mama yake kwa kalamu yake, na mwaka 1405 akaandika kitabu cha kuwajibu wanaume wasomi waliowadharau wanawake, hoja kwa hoja, kwa Kifaransa.

Mwandishi ameahidi sehemu ya pili, itakayoanza na Florence ya karne ya 15. Ningeshukuru iwapo, kabla hajafika huko, angetumia aya chache kupitia Monte Cassino, Toledo na Palermo, na kuwataja kwa majina Konstantino, Gerard, Avendauth, al-Idrisi na Ibn Rushd, kwa kuwa wasomi wa Florence walikua wakisoma vitabu ambavyo watu hao walivileta au walivitunga.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa Historia,
Tanga